Mlinzi Asiyesinzia Lindoni



Katika mazungumzo yetu ya leo tutalitazama jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa la madaktari peke yao. Jambo lenyewe ni ugonjwa wa kisukari, na kifaa kipya kinachomwezesha mgonjwa kujua hali ya sukari mwilini mwake usiku na mchana. Tunalileta mbele yenu, maafande na askari wa jeshi, polisi na magereza, kwa sababu mbili. Kwanza, ugonjwa huu hauogopi magwanda. Humpata koplo kama unavyompata kanali, na huwapata pia wake na watoto wanaoishi nasi katika makambi. Pili, askari ndiye mara nyingi anayemkuta mgonjwa wa kisukari njiani, usiku, katika saa ya hatari, kabla daktari hajafika.

Kisukari ni nini? Katika mwili wa mtu mzima wa afya, kongosho hutoa insulini, na insulini ndiyo inayoifungulia sukari mlango itoke katika damu na kuingia mwilini ikawe nguvu ya kufanyia kazi. Katika kisukari cha aina ya kwanza, ambacho mara nyingi huanza utotoni, kongosho huacha kabisa kutoa insulini, na mgonjwa hana budi kudungwa sindano kila siku ya maisha yake. Katika aina ya pili, ambayo ndiyo ya watu wengi zaidi, insulini huwapo lakini haitoshi au haifanyi kazi ipasavyo. Uchunguzi uliofanywa nchini Uganda mwaka 2014 ulikuta kwamba watu wazima 1.4 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa huu. Hesabu hiyo yaweza kuonekana ndogo, lakini katika taifa la mamilioni ya watu ni jeshi zima la wagonjwa. Kwa dunia nzima, Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2024 kwamba watu wazima zaidi ya milioni 800 wanaishi na kisukari, na kwamba zaidi ya nusu yao hawapati matibabu.

Sasa, ndugu wasikilizaji, shida kubwa ya mgonjwa anayetumia insulini ni kwamba anatembea juu ya daraja jembamba. Sukari ikipanda mno kwa muda mrefu, huharibu macho, figo, mishipa na miguu. Ikishuka mno, mgonjwa hutokwa jasho, hutetemeka, huchanganyikiwa, huzimia, na asiposaidiwa upesi aweza kufa. Ndiyo sababu hapana budi apime. Kwa miaka mingi njia imekuwa moja: kujichoma kidole kwa sindano, kutia tone la damu kwenye kijikaratasi cha kupimia, na kusoma tarakimu katika mashine ndogo. Mtu wa insulini hushauriwa kufanya hivyo mara nne au zaidi kwa siku. Lakini vijikaratasi hivyo hununuliwa, navyo huisha. Wazazi wengi hulazimika kuchagua kati ya kupima sukari ya mtoto na kununua unga wa chakula cha jioni. Na hata anayepima mara nne, bado anazo saa nyingi ambazo hajui kitu, hasa saa za usingizi.

Ninyi askari mtalielewa jambo hili kuliko wengine. Kupima kwa kidole ni kama doria inayopita mahali mara nne kwa siku. Doria ikipita, mahali ni shwari; lakini adui anajua kungoja ipite. Kambi hailindwi kwa doria peke yake. Yahitaji mlinzi aliyesimama lindoni asiyesinzia. Kifaa kipya tunachokitaja leo ndicho mlinzi huyo.

Kifaa hicho ni kidogo, na mgonjwa hukibandika mkononi juu ya kiwiko, au tumboni. Chini yake mna uzi mwembamba sana unaoingia chini ya ngozi na kupima sukari katika majimaji yaliyoko kati ya chembe za mwili. Kila baada ya dakika chache, kwa vifaa vingine kila dakika moja, hupeleka hesabu hiyo kwenye simu ya mkononi au kwenye mashine ndogo ya kusomea. Mgonjwa haoni tarakimu tu, bali huona pia kama sukari inapanda au inashuka. Na vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya watu wa insulini hupiga king'ora sukari inapokaribia hatari, hata kama mgonjwa amelala. Kihisi kimoja kwa kawaida hudumu kati ya siku 10 na 15, kisha hutupwa na kuwekwa kingine. Lazima tuseme pia kwamba hesabu yake huchelewa dakika kadhaa nyuma ya ile ya damu, kwa hiyo mgonjwa anayejisikia vibaya huku kifaa kikionyesha salama yampasa bado kujichoma kidole na kuhakikisha.

Kifaa hiki si cha jana. Cha kwanza kilipata kibali nchini Marekani mwaka 1999. Mwaka 2014 aina iliyo rahisi kutumia ilianza kuuzwa Ulaya, na tangu hapo mambo yakaenda mbio. Mwezi Machi 2022 taasisi inayoishauri huduma ya afya ya taifa ya Uingereza ilielekeza kwamba kila mtu mzima mwenye kisukari cha aina ya kwanza apewe. Mwezi Aprili 2023 mpango wa Serikali ya Marekani wa kuwatibu wazee ulipanua huduma hiyo iwafikie wazee wote wanaotumia insulini. Hayo ni mambo mema, na tunawapongeza walioyapigania.

Lakini je, mgonjwa wa Gulu, wa Kabale au wa Moroto? Mwaka 2024 aina moja ya kifaa hiki ilianza kuuzwa Marekani bila cheti cha daktari, kwa wagonjwa wasiotumia insulini. Vihisi viwili, vya kutosha mwezi mmoja, vilikuwa dola 99. Hizo ni zaidi ya shilingi 300,000 za Uganda, na mwezi ujao zatakiwa tena, na mwezi unaofuata tena. Tumpigie hesabu askari wa cheo cha chini mwenye watoto wanne, mmoja wao akiwa na kisukari. Akinunua kifaa, karo haipo. Akilipa karo, kifaa hakipo. Hivyo chombo kilichobuniwa kuokoa maisha kinageuka kuwa pambo la matajiri.

Hapa yafaa tukumbuke historia. Insulini yenyewe ilipatikana Toronto, nchini Kanada, mwaka 1921, kwa kazi ya Banting, Best, Collip na Macleod. Mwezi Januari 1922 mvulana wa miaka 14 aliyekuwa anakaribia kufa alidungwa, na baada ya dawa kusafishwa vizuri zaidi akapata nafuu. Mwaka 1923 haki ya kuitengeneza iliuzwa kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja moja tu kwa kila aliyetia sahihi, ili dawa hiyo isihodhiwe na mtu. Hiyo ndiyo roho iliyoianzisha tiba ya kisukari. Ni roho ambayo biashara ya leo imeisahau.

Wapo watakaosema: "Nchi ambayo wakati mwingine hukosa insulini yenyewe hospitalini, yawezaje kuzungumza habari za vifaa vya kisasa?" Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Ni kweli kwamba insulini huja kwanza, pamoja na mahali baridi pa kuiweka, na vijikaratasi vya kupimia. Mwezi Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza mashine za mgonjwa kujipimia sukari katika orodha yake ya vipimo vya lazima, na serikali zetu hazina kisingizio cha kutovipeleka hadi vituo vya afya vya vijijini. Lakini si kweli kwamba mgonjwa maskini hawezi kukitumia kifaa kipya. Katika wilaya ya Neno, nchini Malawi, mahali pa wakulima wadogo, utafiti uliwapa vifaa hivi wagonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza wanaotibiwa katika hospitali za wilaya, na ukaonyesha kwamba jambo hilo lawezekana. Jirani zetu wa Rwanda nao walianza miaka mingi iliyopita kuwafunza wauguzi wa hospitali za wilaya kuwatibu wagonjwa wa namna hii, na mwezi Agosti 2022 mawaziri wa afya wa Afrika waliokutana Lomé waliupitisha utaratibu huo uwe mkakati wa bara zima. Kwa hiyo kinachokosekana si akili ya mgonjwa. Kinachokosekana ni bei anayoiweza.

Na bei si amri ya Mungu. Sisi Waganda tunalijua hilo kwa machungu. Mwaka 2000 dawa za kupunguza makali ya UKIMWI ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka, na katika miaka ile alikuwapo mkubwa wa dunia aliyedai kwamba Mwafrika hawezi kuzimeza kwa wakati kwa kuwa hana saa. Mwezi Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikatangaza kuwa tayari kuliuzia shirika la Madaktari Wasio na Mipaka dawa hizo kwa dola 350 kwa mwaka. Bei ikaanguka, na ikaendelea kuanguka. Mwaka 2007 kiwanda cha dawa hizo kikafunguliwa papa hapa Luzira. Wangapi kati yetu, na kati ya wenzetu jeshini, wako hai leo kwa sababu bei ile ilikataliwa?

Basi, yatupasa kufanya nini? Kwanza, nchi za Afrika Mashariki zinunue kwa pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nchi moja ikienda sokoni na oda ndogo, hutajiwa bei ya rejareja. Nchi saba au nane zikienda na oda moja, muuzaji huketi chini akazungumza. Umoja wa Afrika ulionyesha njia mwaka 2020, ulipoanzisha soko la pamoja la kununulia vifaa vya kupambana na korona. Pili, bei wanazolipa serikali zitangazwe, ili jirani asiuziwe kwa siri mara mbili. Tatu, tuwe na utaratibu wa nani aanze: watoto wa kisukari cha aina ya kwanza, akina mama wajawazito wanaotumia insulini, na wale ambao sukari yao hushuka bila wao kuhisi dalili. Nne, vifaa vinunuliwe pamoja na mashine zake za kusomea, kwa maana si kila mama wa kijijini ana simu ya bei ghali.

Mwisho, maafande na askari, tunalo neno lenu wenyewe, nalo halihitaji fedha yoyote. Mkimsimamisha dereva usiku, mkamkuta anatokwa jasho, maneno yanamkwama, macho yamemlegea na hajui anakokwenda, msikimbilie kusema amelewa. Huenda sukari imemshuka. Mwulizeni, mtazameni kama ana cheti, dawa, au kidude kilichobandikwa mkononi. Kidude hicho si silaha wala chombo cha kijasusi, msikibandue. Kama ana fahamu na anaweza kumeza, mpeni soda yenye sukari au maji ya sukari, kisha mpelekeni kwa mganga. Kama amezimia, msimtie kitu mdomoni. Mlazeni ubavu na kumkimbiza hospitalini. Na mahabusu mwenye kisukari asinyang'anywe insulini yake, kifaa chake wala chakula chake. Kumfungia mtu huyo usiku kucha bila dawa ni kumhukumu kifo kabla hajamwona hakimu.

Nanyi mliopewa amri juu ya wengine, askari wenu akija kuwaambia kwamba ana kisukari, msimfanye ajute kusema. Anayeficha ugonjwa kwa kuogopa kupoteza kazi ndiye atakayeanguka lindoni akiwa na bunduki mkononi. Mpimwe, mjue, mtibiwe.

Ndugu wasikilizaji, tarehe 14 Novemba kila mwaka dunia huiadhimisha Siku ya Kisukari, siku aliyozaliwa Banting. Hotuba husomwa, na kesho yake mama yule yule hurudi kuamka usiku wa manane kumpapasa mwanawe kama bado ana joto, kwa kuwa hana kitu kingine cha kumwambia kama mtoto yu salama. Mlinzi wa kumpumzisha mama huyo amekwisha kutengenezwa. Kilichobaki ni kumleta lindoni kwa bei ambayo mama ataiweza, na hilo ni jukumu la serikali zetu zikishirikiana, na la sisi sote tukizikumbusha.