Pesa Mkononi: Tumpime Mnunuzi Kabla ya Kuuza Boma

(Mazungumzo yetu na vikundi vya kujisaidia, Machakos)



Leo hatukuja kuzungumza juu ya fanya juu wala matangi ya maji. Tumekuja kuzungumza juu ya mtu anayefika bomani kwako bila kuitwa, ana gari safi na bahasha nene, anasema, "Mzee, hapa nanunua. Pesa ninayo, tumalize leo."

Watu hawa tunawajua. Serikali ilinunua ekari 5,000 za Malili kwa ajili ya mji wa Konza, na Rais Kibaki akazindua kazi hiyo Januari 2013. Tangu wakati huo wengi wametoka Nairobi kutafuta ardhi huku kwetu. Wengine ni wanunuzi wa kweli, na kuuza si dhambi. Lakini si kila mwenye bahasha ni mnunuzi.

Katika kijiji kimoja, baba mmoja wa kikundi chetu alikuwa na mtoto aliyeitwa chuo. Karo ilitakiwa, shilingi 80,000. Broka akamletea mnunuzi. Huyo akaweka 80,000 mezani, akasema zinazobaki zitakuja makaratasi yakitoka. Baba akampa hati yenyewe ya shamba, nakala ya kitambulisho na picha za pasipoti. Kisha akaweka sahihi kwenye fomu za uhamisho ambazo hazijajazwa. Mama wa nyumba alikuwa ameenda mtoni. Aliporudi, pesa ilikuwa imeshakwenda chuoni.

Mama alikataa, na alikuwa na haki yake. Kwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, mali ya ndoa haiuzwi bila idhini ya mume na mke wote wawili. Kwa hiyo bodi ya ardhi hawakufika, na miezi 6 ya kuomba kibali ikapita. Sasa sikilizeni vizuri: shamba la kilimo likiuzwa bila kibali cha bodi, mapatano yale ni bure, na pesa iliyolipwa inageuka deni. Mnunuzi akasema, "Nipe pesa yangu, nikupe hati yako." Na pesa ilishaliwa!

Na sisi je? Gari tulikuwa tumeliona. Tukanyamaza, tukasema ni mambo ya nyumba ya mtu. Mwishowe mwethya ukachanga, wiki baada ya wiki, mpaka 80,000 zikatimia na hati ikarudi. Kumbe pesa tuliyochanga kukomboa hati ndiyo ile ile iliyotakiwa mwanzo! Tungeketi na yule baba mapema, shamba lisingeguswa.

Ndugu zetu, tulichojifunza ni hiki: sheria ya ardhi haikimbii. Bodi kwa kawaida hukaa mara moja kwa mwezi, na hata mkiitisha kikao maalumu, lazima mfike na kuulizwa. Basi anayekwambia mtamaliza leo, ama hajui sheria, ama anaikimbia. Mwenye nia njema atangoja. Hebu mfanyeni angoje, mjiulize maswali haya matano.

1. Nyumba imekubali? Bodi ikimuuliza mke au mume, atasema nini? Afadhali mlijue jibu mkiwa nyumbani. Na mama akiona shamba linauzwa kwa siri, aende ofisi ya ardhi Machakos aombe kizuizi kiwekwe, ili lisihamishwe kabla hajasikilizwa.

2. Jina kwenye hati ni la nani? Kama ni la marehemu, hakuna wa kuuza bado. Lazima kwanza kesi ya mirathi, barua ya usimamizi itolewe na mahakama iithibitishe. Kwa kawaida miezi 6 hupita kati ya hayo mawili. Anayeingilia mali ya marehemu kabla ya hapo anaweza kutozwa faini hadi shilingi 10,000, au kufungwa hadi mwaka 1, au yote mawili. Mnunuzi akisema, "Hayo tutayatengeneza baadaye," mfungulieni lango aende.

3. Haraka hii ina bei gani? Tuseme majirani wanauza ekari kwa 1,000,000, na huyu analeta 700,000 za leo. Zile 300,000 ndizo bei ya haraka, na anayelipa ni wewe. Ulizeni bei kwa watu watatu waliouza karibuni, si kwa broka, maana broka anakula pande zote mbili. Ikiwezekana, mtafuteni mthamini mwenye leseni.

4. Mnunuzi ni nani hasa? Tumwone kitambulisho na namba yake ya PIN. Kama si raia wa Kenya, Katiba ya 2010 inamruhusu kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Kampuni inahesabiwa ya raia ikiwa inamilikiwa yote na raia. Tena mtazameni anavyonunua. Mnunuzi wa kweli anakwenda ofisi ya ardhi kuchunguza hati, anaomba surveya amwonyeshe bikoni, anauliza njia na maji. Asiyeuliza chochote, shamba silo analolitaka. Pengine anaitaka hati tu.

5. Pesa itapitia wapi? Ipitie benki, si mkobani. Mnakumbuka noti za zamani za 1,000 zilivyokoma kutumika tarehe 1 Oktoba 2019? Mwenye kuzificha chini ya godoro alibaki na karatasi. Mapatano yaandikwe na kushuhudiwa. Malipo ya kwanza kwa kawaida ni asilimia 10. Mtafute wakili wenu wenyewe, asiwe yule wa mnunuzi, na hati ikae kwake mpaka malipo yote yawe salama. Fomu tupu isitiwe sahihi kamwe. Na kodi msizisahau. Ushuru wa stempu ni wa mnunuzi, asilimia 2 mashambani na 4 mjini. Kodi ya faida ya mtaji ni ya muuzaji, asilimia 15 tangu 2023. Kuna mauzo yanayosamehewa, hivyo muulizeni wakili kabla ya kukubali bei.

Hata Ibrahimu alipotaka mahali pa kumzika Sara, katika Mwanzo 23, hakufanya mambo gizani. Alizipima shekeli 400 za fedha mlangoni pa mji, watu wakisikia. Shamba, pango na miti iliyokuwa mpakani, vyote vikatajwa. Ile nayo ilikuwa pesa mkononi, lakini mbele ya mashahidi.

Basi tunaomba kila kikundi kifanye mambo mawili. Kwanza, chagueni watu watatu, mmoja awe mama, ambao mwanachama yeyote anaweza kuwaita kabla ya kuweka sahihi. Si kumkataza, ni kuketi naye tu. Pili, katika mzunguko wenu wa mikopo tengeni fungu la dharura, la karo na hospitali. Mara nyingi anayeuza kwa bei ya kutupa hataki kuuza. Amekosa pa kukopa tu.

Siku nyingine mkiona gari geni limesimama kwa jirani, msinyamaze kama tulivyonyamaza sisi. Pigeni hodi. Salimieni. Ketini.