Chagua Injini Inayolikubali Gari Lako

Mada iliyotolewa na Afisa Habari na Mawasiliano wa Halmashauri katika mkutano wa wamiliki na madereva wa magari ya abiria wa kata



Mimi si fundi. Ni mtoto wa mwenye Hiace. Gari la baba lilikuwa na injini ya 2L, dizeli ya cc 2,446. Ilipokufa, baba alishauriwa achukue 1KZ-TE yenye taabo, ili asihangaike tena na milima. Aliinunua bila kontroli boksi na bila waya zake. Injini ile pampu yake ya dizeli huongozwa kwa umeme. Pasipo vitu hivyo haifanyi kazi. Gari lilikaa juu ya mawe miezi saba, na ada yangu ya chuo ikakaa juu ya mawe pamoja nalo. Ndiyo sababu nimeomba kuzungumza nanyi.

Ndugu wananchi, jambo la kwanza ni kutafuta injini ya ukoo mmoja na ile iliyokufa. Injini za 2L, 3L yenye cc 2,779 na 5L yenye cc 2,986, zile za kawaida zisizo na taabo, ni ndugu. Kwa kawaida hukubali giaboksi ile ile, na pampu zake hazihitaji kontroli boksi. Baba angechukua 3L, gari lingerudi barabarani mapema. Kwa upande wa petroli, 1RZ na 2RZ nazo ni ndugu. Kuhama kutoka dizeli kwenda petroli ni safari nyingine: tangi, mipira ya mafuta na waya vyote huguswa.

Pili, uliza injini imetoka kwenye gari gani. 3L iliyotoka kwenye Hilux yaweza kuwa na sampu na maunti tofauti na za Hiace. Nenda na fundi wako, mkiwa na vipimo au picha za injini ya zamani, mlinganishe kabla ya kutoa fedha. Ikiwa ni injini ya umeme, kontroli boksi, waya na sensa zake zitoke kwenye gari lile lile. Mkishaondoka dukani, kuvipata kimoja kimoja ni gharama na mahangaiko.

Tatu, pima afya yake. Fungua kifuniko cha oili. Ukiona utando kama maziwa, huenda maji yamechanganyika na oili. Izungushwe kwa mkono kuhakikisha haijakwama. Fundi apime kompresheni ya kila silinda. Vipimo visipishane sana. Dhamana ya muuzaji iandikwe, isiishie mdomoni.

Nne, kumbuka kwamba injini haifanyi kazi peke yake. Yenye nguvu zaidi hutoa joto zaidi, hivyo rejeta iitosheleze. Ikiwa ni nzito zaidi, springi za mbele na breki nazo zitazamwe. Kuongeza mwendo bila kuongeza uwezo wa kusimama ni kuwatia abiria hatarini.

Tano, nyaraka. Kadi ya gari ina namba ya injini. Kagua namba iliyogongwa kwenye bloku; ikiwa imesuguliwa au imefutika, usinunue, kwani huenda ni mali ya wizi. Dai risiti ya EFD yenye namba hiyo. Baada ya kufunga, gari lipelekwe kwa mkaguzi wa magari wa Polisi, na taarifa za usajili zirekebishwe TRA. Kadi isiyolingana na injini italeta maswali barabarani, wakati wa kuuza gari na siku ya kudai bima.

Ndugu zangu, katika vijiji vyetu Hiace hizi ndizo humwahisha mama mjamzito hospitali usiku wa manane na kufikisha mazao sokoni alfajiri. Gari moja likilala gereji, hasara si ya mwenye gari peke yake. Kwa hiyo andika gharama zote kabla ya kununua: injini, maunti, waya, oili, ufundi na nyaraka. Jumla ikizidi uwezo wako, linganisha na kuifanyia ovahoo ile uliyonayo.

Kuuliza si ujinga. Baba hakuuliza, nami nikachelewa chuo mwaka mzima.