Aliyebaki Penye Mizigo

Somo: 1 Samweli 30:1-25

Nawasalimu ninyi mlio Kisii na Nyamira, mlioamka mapema kuchuma chai na kukamua ng'ombe, nanyi mlio mbali nasi. Kama una Biblia karibu, ifungue katika kitabu cha kwanza cha Samweli, mlango wa 30. Kama huna, nisikilize tu, maana habari yenyewe ni nyepesi kukumbuka.

Leo nataka kulipa deni. Ni deni la maneno, na mwenye kunidai ameshalala kaburini. Alikuwa mke wa askari. Jina lake silitaji, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda kutajwa hadharani. Sisi majirani tulimwita Omong'ina tu, yaani mama mzee.

Mumewe aliandikwa katika jeshi la King's African Rifles mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Siku zile wilaya yetu iliitwa Kavirondo Kusini, na boma lake lilikuwa Kisii. Wazee walikuwa bado wanakumbuka vita vya kwanza, jinsi Wajerumani walivyoingia Kisii mwezi wa Septemba 1914 na risasi zikalia pale pale mjini. Walikumbuka pia vijana waliochukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, ambao wengi wao hawakurudi. Kwa hiyo kijana alipovaa sare, mama zake walilia kama watu waliofiwa.

Omong'ina alikuwa ameolewa miaka miwili tu. Alikuwa na mtoto mmoja mgongoni na wa pili tumboni. Mumewe akamwachia jembe, shamba la wimbi, na wazazi wake wawili wazee. Akashuka kilima, akaenda.

Wasikilizaji, ninyi mnaojua Ekegusii mnajua jambo linalowashangaza wageni. Mtoto wa Kigusii akiita "baba", anamwita mama yake. Baba mzazi huitwa "tata". Mwaka ule watoto wa boma lile walikuwa wakiita "baba, baba", na mama yao akaitika kwa yote mawili. Alikuwa mama, na alikuwa tata.

Mumewe alikwenda wapi? Askari wa Afrika Mashariki walipelekwa mbali sana. Wengine walipigana Abisinia. Baadaye wengi walivushwa bahari mpaka Ceylon, nchi inayoitwa leo Sri Lanka, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikaingia Burma. Walipita bonde la Kabaw wakati wa masika, katika matope na malaria, mpaka wakafika mto Chindwin mwezi wa Desemba. Hata njia ya baharini ilikuwa ya hatari. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani. Karibu watu 1,300 walikufa, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Mambo hayo tunayasoma leo vitabuni. Lakini mwanamke aliyekuwa akipalilia wimbi upande wa Nyamira alijua nini? Alijua kwamba barua haijafika. Basi. Mwezi ukapita, wa pili ukapita, barua haikuja, na magugu hayakungoja.

Askari waliweza kukatiwa sehemu ya mshahara wao ikaletwa nyumbani. Omong'ina alitembea kwa miguu mpaka bomani Kisii kupokea fedha hizo, siku moja ya kwenda na siku moja ya kurudi, mtoto mgongoni. Aliniambia kwamba fedha hizo zilikuwa na marafiki wengi. Kila ndugu alikuwa na shida yake siku ile aliporudi kutoka bomani. Yeye alizigawa hivi: chumvi na nguo kwa wazee, kidogo kwa jirani yake ambaye mumewe hakuleta kitu, na zilizobaki aliziweka mpaka akanunua mtamba. Mumewe aliporudi alimkuta ng'ombe na ndama wawili.

Barua nazo zilimsumbua. Hakujua kusoma. Kila barua ilisomwa na kijana wa shule ya misheni, na kabla ya jua kuchwa kijiji kizima kilijua mume amesema nini na mkewe. Akaona haya. Akaanza kwenda kwa mwalimu jioni, baada ya kusaga unga, akajifunza herufi pamoja na watoto wadogo waliomcheka. Baada ya mwaka mmoja akaandika barua yake ya kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Alikumbuka maneno yake mpaka uzeeni: mtoto wa pili ni msichana, ng'ombe amezaa, wazazi wako wanakula, nasi tunakuombea. Tangu siku ile wake wengine wa askari walimletea barua zao, naye aliwasomea mlango ukiwa umefungwa, wala hakutoa siri ya mtu.

Mume akarudi mwaka 1946. Watu walichinja, wakaimba, wakamgusa medali kifuani. Hapo ndipo wengi wetu humaliza hadithi ya vita. Kwa Omong'ina ilikuwa inaanza upya. Usiku yule bwana aliamka akipiga kelele za amri kwa Kiswahili cha jeshini, akitafuta bunduki yake katika giza. Mkewe aliamka, akawasha moto, akapika uji, akakaa naye mpaka kukapambazuka. Asubuhi alikwenda shambani kama watu wengine. Alifanya hivyo miaka mingi, wala majirani hawakujua.

Sasa nifike kwenye deni langu. Yule mzee alifariki mwaka 1984. Mimi nilikuwa mhubiri kijana, nikapewa heshima ya kunena kwenye maziko. Nilijitayarisha sana. Nilizungumza juu ya Burma, juu ya mto Chindwin, juu ya ushujaa, nikaonyesha medali zake mbele ya watu. Watu wakatikisa vichwa, nami nikafurahi moyoni.

Siku ya pili nilikwenda kumfariji mjane. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni pa jiko, anachambua chinsaga. Akanikaribisha, akanipa uji, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, jana umemzika askari vizuri. Lakini yule aliyebaki penye mizigo hukumwona." Nikauliza, "Mama, ni nani huyo?" Akasema, "Nenda kasome habari za Daudi kwenye kijito cha Besori."

Nilikwenda nikasoma. Nikaona aibu.

Wasikilizaji, mnakumbuka jambo lilivyokuwa. Daudi na watu wake walirudi Siklagi wakaukuta mji umechomwa moto na Waamaleki. Wake zao na watoto wao wamechukuliwa mateka, hata Ahinoamu na Abigaili, wake wawili wa Daudi. Mashujaa wale walilia mpaka nguvu za kulia zikawaishia. Kumbe shujaa naye, akipoteza nyumba yake, hubaki si kitu. Daudi akawafuata adui akiwa na watu 600. Walipofika kijito cha Besori, 200 walikuwa wamechoka mno, wakabaki pale pamoja na vyombo. Wale 400 wakaendelea, wakashinda, wakarudi na nyara.

Ndipo wakatokea watu wakorofi kati ya wale waliokwenda vitani. Wakasema waliobaki wasipewe kitu ila wake zao na watoto wao, waende zao. Daudi akakataa. Akasema ushindi ni zawadi ya Bwana, na kwa hiyo fungu la aliyeshuka vitani na fungu la aliyekaa penye vyombo ni sawasawa. Jambo hilo likawa sheria katika Israeli.

Katika maziko yale mimi nilikuwa mmoja wa wale wakorofi. Nilimpa aliyekwenda nyara zote, na aliyebaki sikumpa hata neno moja, naye ameketi mbele yangu.

Biblia inatuonya mahali pengine pia. Katika kitabu cha pili cha Samweli, mlango wa 11, Uria Mhiti yuko vitani Raba, na mkewe yuko nyumbani Yerusalemu. Mfalme mwenyewe, aliyepaswa kumlinda mke wa askari wake, ndiye aliyemdhulumu na kumwua mumewe. Mungu hakunyamaza. Alimtuma Nathani. Na miaka mingi baadaye, Mathayo alipoandika vizazi vya Bwana Yesu katika mlango wake wa kwanza, hakusahau kumtaja mama huyo kuwa aliyekuwa mke wa Uria. Askari aliyekufa, na mke aliyedhulumiwa, wote wawili wameandikwa.

Pengine wewe unayesikiliza unasema, hayo ni ya zamani. Sivyo. Mwezi wa Oktoba 2011 majeshi ya Kenya yaliingia Somalia. Mjukuu mmoja wa Omong'ina alikuwa askari. Mkewe alikuwa binti mdogo, ana mtoto mchanga, akawa hali, halali. Yule bibi, mwenye karibu miaka 90, akachukua kigoda chake na blanketi, akahamia nyumbani kwa yule binti. Hakumhubiria. Alimpikia uji usiku, akakaa naye. Siku hizi kuna simu, lakini simu ikinyamaza siku tatu, moyo huumia vile vile kama zamani barua isipofika. Bibi alikaa kule mpaka mjukuu aliporudi likizo. Alifariki mwaka 2013, kijana akiwa hai. Hakuiona Januari 15, 2016, siku kambi ya El Adde iliposhambuliwa na wanajeshi wetu wengi wakafa, na wanawake wengi wa Kenya wakakaa na simu mkononi wakingoja jibu.

Basi, nikuombe mambo matatu, ndugu yangu.

Kwanza, mke wa askari aliye jirani yako, mtembelee kabla ya msiba, usingoje turubai lifungwe. Mwulize kama amelala, kama mtoto ana afya, kama kuni zipo.

Pili, ninyi mashemeji na wakwe, fedha za askari ni za nyumba yake. Na akifa, shamba lake ni la mjane na watoto. Najua mashamba yetu Gusii yamekuwa madogo, na kila hatua ya udongo ina mwenye kuitamani. Lakini mnyonge ana Nathani wake.

Tatu, askari uliyerudi nyumbani, usione haya kumwambia mkeo asante mbele ya watoto. Na kama usiku unaamka na kupiga kelele, usimwachie yeye peke yake mzigo huo. Nenda kwa daktari, nenda kwa mchungaji wako. Kuomba msaada hakukuvui cheo.

Na wewe mama, uliyebaki penye mizigo asubuhi hii, unayesikiliza redio huku unasonga ugali wa watoto, fungu lako halijasahauliwa. Wanadamu wanaweza kukusahau, kama mimi nilivyosahau. Bwana hugawa sawasawa.

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, twakushukuru kwa ajili ya mama zetu waliolinda nyumba wakati wa vita. Utusamehe sisi tuliosifu upanga tukausahau moto wa jikoni. Uwalinde askari walio mbali, uwafariji wajane, uwalishe yatima. Utupe macho ya kuwaona walio karibu nasi leo, kabla jua halijachwa. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.