Dereva Akipimwa Ulevi, Nani Alipe?

Kaeni vizuri, kila mtu na daftari lake. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: kipimo, matibabu, makato. Wazee ambao macho yamechoka wasogee mbele.

Leo tuna habari ya fedha, nayo ilianzia hapa hapa Utemini.

Kaka mmoja wa darasa la jioni, dereva wa lori, alinijia na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alfajiri moja, kabla ya kuondoka na mzigo, alipulizishwa kipimo kazini, akaonekana ana pombe mwilini. Hakufukuzwa. Aliambiwa aache usukani miezi mitatu, afanye kazi ya ghalani, na kila juma aende kwa mshauri wa watu wenye ulevi. Akapewa karatasi atie dole. Akatia. Mwisho wa mwezi mshahara ukaja pungufu, ndipo akaniomba, "Mwalimu, hebu nisomee. Nilikubali nini?"

Nilimsomea. Karatasi ilisema amekubali gharama yote, ya kipimo na ya mshauri, ikatwe katika mshahara wake, shilingi 150,000 kila mwezi. Mshahara wake ni shilingi 400,000. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Ulevi ni wangu, sikatai. Lakini kipimo niliomba mimi?"

Basi swali lake ndilo somo letu.

Kwanza tukubaliane kwamba kupima ni haki. Ninyi mnaijua barabara inayopita Singida. Malori ya kwenda Mwanza, Rwanda na Burundi yanapita hapa usiku na mchana, na mbele yao kuna mlima Sekenke na kona zake. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka mpaka wa miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Pombe hutoka tumboni ikaingia katika damu, damu ikaifikisha mapafuni, na hewa mtu anayopuliza ikaitoa nje. Ndiyo maana kipimo huipata. Ini huiondoa polepole, kwa mwendo wake lenyewe. Maji baridi hayaliharakishi, wala kahawa. Aliyekunywa sana mpaka saa sita za usiku anaweza kuamka alfajiri akidhani ni mzima, kumbe damu yake ingali na pombe. Kaka yetu yalimpata hayo. Na wale wanaotafuna mirungi ili wasisinzie wajue kwamba mirungi ni haramu kwa sheria za Tanzania, na usingizi unaowangojea mbele ni mzito zaidi.

Sasa tuitazame nchi nyingine. Januari 4, 1987, katika jimbo la Maryland huko Marekani, treni ya abiria iligongana na injini za treni ya mizigo, watu 16 wakafa. Dereva wa zile injini alikuwa amevuta bangi. Mwaka 1991 ikatungwa sheria ya kuwapima wafanyakazi wa uchukuzi. Dereva anayekutwa na kosa harudi usukanini mpaka aonwe na mtaalamu, amalize mafunzo au matibabu aliyoagizwa, na akirudi apimwe tena ghafla, si chini ya mara 6 katika miezi 12 ya kwanza. Je, matibabu hayo nani anayalipa? Kanuni zao hazikusema. Ziliwaachia mwajiri na mfanyakazi wapatane. Basi mwenye chama chenye nguvu huliweka neno hilo ndani ya mkataba, na asiye na chama huweza kujikuta akitoa mfukoni mwake.

Msiseme hayo ni ya Marekani tu. Aprili 10, 2015, madereva wa mabasi wa Tanzania waligoma, abiria wakakwama katika stendi ya Ubungo na miji mingine. Serikali ilikuwa imewataka wasome mafunzo kabla ya kupata leseni mpya, nao wakalalamika kwamba gharama wameachiwa wenyewe. Serikali ikalegeza agizo hilo. Mwezi wa Mei wakagoma tena, safari hiyo wakidai hasa mikataba ya kazi. Mimi naona migomo ile miwili ilikuwa na shina moja. Dereva asiye na mkataba, kila agizo jipya humwangukia yeye.

Tusome sheria inasemaje juu ya makato. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inamkataza mwajiri kukata mshahara ila kwa sababu chache: sheria iliyoandikwa ikiruhusu, au mkataba wa pamoja na chama cha wafanyakazi, au amri ya mahakama au ya mwamuzi, au mfanyakazi mwenyewe akikubali kwa maandishi kwa ajili ya deni. Hata mfanyakazi akiharibu mali ya mwajiri kwa kosa lake, makato ya kufidia yasizidi robo ya mshahara.

Haya, andikeni hesabu. 400,000 gawanya kwa 4. Mmepata 100,000? Basi kaka yetu anakatwa zaidi ya ambavyo angekatwa kama angeligonga lori lenyewe.

Atakuja mtu aseme, "Lakini ametia dole." Kweli. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi masharti ya kazi kwa namna anayoielewa, kama hawezi kuyaelewa yalivyoandikwa. Dole la mtu ambaye hakusomewa ni deni la namna gani? Hilo ni la kumuuliza msuluhishi.

Mimi nayatenga malipo hayo mawili. Kipimo ni cha usalama wa kazi, kama breki na matairi, na haijapata kusikika dereva akatozwa breki za lori la tajiri. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi. Matibabu ni habari nyingine. Hapo wapatane, na mfanyakazi kuchangia kitu si dhuluma, mradi aonyeshwe risiti. Tena aulize kwanza kama kuna mahali pa nafuu. Kwa watumiaji wa heroini, dawa ya methadoni hutolewa bure katika kliniki za serikali tangu ile ya Muhimbili ilipoanza mwaka 2011. Dawa hiyo si ya pombe. Mwenye shida ya pombe anaweza kuanzia hospitali ya mkoa, na Dodoma kuna Mirembe.

Kaka yetu ameandika barua kwa mkono wake mwenyewe, mistari sita. Mimi nilimsaidia herufi mbili tu. Ameomba kipimo kitolewe katika makato, na aonyeshwe risiti za mshauri. Jibu halijarudi. Likikawia, atakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ina ofisi mikoani. Malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, na mengine kama haya yake ndani ya siku 60.

Zoezi la leo. Andikeni barua fupi kama yake, mkitumia maneno matatu yaliyo ubaoni. Kisha fanyeni hesabu hii: tangu siku alipokatwa mshahara zimepita siku 23. Zimebaki ngapi?