Mjomba Wetu wa Remba

Maneno haya yalisemwa na mwalimu mmoja wa shule mbele ya wavuvi, wachuuzi na jamaa waliokusanyika pwani ya kisiwa cha Remba, jioni moja kabla ya mashua za omena kutoka. Twayaandika kama alivyoyasema.

Wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mlioketi juu ya nyavu,

Nimekuja kwenu na mambo mawili: habari za maziko, na daftari hili. Nitaanza na maziko, maana wengi wenu hamkuweza kuvuka mpaka Karungu, na ni haki yenu kujua jinsi ndugu yenu alivyolazwa. Daftari litangoja kidogo. Najua wako watu hapa ambao wangependa lingoje zaidi.

Nasema kwa Kiswahili, ingawa marehemu alikuwa Mjaluo nami ni Mjaluo, kwa kuwa nawaona hapa watu wa Mfangano, na Waganda, na ndugu waliotoka pande za Musoma na Mwanza. Yeye mwenyewe alikuwa na Kiswahili cha peke yake. Nilipomsahihisha siku moja, kwa majivuno ya mtoto aliyerudi likizo, alinijibu: "Mpwa wangu, Kiswahili changu kimevuka maji mengi, lazima kilowe."

Kwa desturi ya kwetu ndugu wa mama huitwa ner, na mtoto wa dada yake huitwa okewo. Okewo ana uhuru mkubwa kwa wajomba zake: huingia asipoalikwa, hula asipokaribishwa, na humfanyia mzaha mtu mzima mzaha ambao hangethubutu kumfanyia baba yake. Sisi watoto wa dada yake tulikuwa saba, nasi tuliutumia uhuru huo mpaka ukachakaa. Hakupata kutukemea hata siku moja, kwa sababu katika utundu yeye alitushinda sote.

Alipofika nyumbani kutoka huku, hakuingia kama watu wengine. Aliwaacha wachukuzi wa mzigo wake wa samaki njiani, akaja kimya mpaka uani, kisha akabisha hodi kwa sauti nene ya mtu wa kodi, akidai kodi ya kila kuku na ya kila mtoto asiyeoga. Bibi yetu aliijua sauti ile siku zote, na siku zote alijifanya kuogopa. Alikusanya kuku kwa haraka, akawaficha uvunguni mwa kitanda, naye mjomba akaingia kuwahesabu kwa sauti. Hata leo sijui ni nani kati yao aliyekuwa akimfurahisha mwenziwe.

Ninyi mwawajua wale wadudu wa ziwani, ambao hupanda juu ya maji kama wingu jeusi mpaka mgeni akadhani meli inaungua. Mjomba alituonyesha wingu hilo kutoka pwani ya Sori, akasema wahenga walikosea waliposema hapana moshi pasipo moto, maana moshi ndio ule, na moto tuutafute. Tukautafuta mchana kutwa. Tena, iko habari ya kweli ambayo wengi mmeisikia, kwamba mwaka 1948 Bibi Mary Leakey aliokota katika kisiwa cha Rusinga fuvu la mnyama wa kale wa jamii ya nyani, aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita. Mjomba alituapia kwamba fuvu lile ni la babu yake mzaa babu, aliyekimbilia Rusinga kukwepa deni la mashua. Wazungu, alisema, walimfukua kwa kuwa walikuwa wakimdai. Nilipofika darasa la historia nikaulizwa jambo hilo, nalikaribia kuijibu habari ya deni.

Alikuja Remba katika miaka ya 1980, wakati viwanda vilipokuwa vikinunua mbuta kwa ajili ya Ulaya, na kila kijana mwenye nguvu akaliona ziwa kuwa shamba lisilohitaji jembe. Alipenda kusema kwamba samaki wake amepanda ndege, hali yeye aliyemvua hajapita Kisumu. Alisema hivyo kwa kicheko, lakini nadhani alikuwa na maana yake.

Ngoma nanyi mwajua. Penye nyatiti palikuwa pake. Na kanda za Daniel Owino Misiani, yule mwana wa Shirati ng'ambo ya mpaka, aliyefariki mwaka 2006, alizipiga mpaka utepe ukakatika. Desturi ya pakruok humruhusu mtu kutoa fedha, akausimamisha wimbo, akajisifu mwenyewe mbele ya watu. Mjomba alitoa shilingi zake, akausimamisha wimbo, kisha akamsifu mtu mwingine: mama anayeanika omena, kijana aliyetumwa maji, au mgeni aliyeshuka mashuani asubuhi ile na hajui pa kulala. Baba yangu alikuwa mtu wa hesabu, naye aliuita upotevu wa mali. Katika kisiwa hiki, ambacho karibu kila mtu ametoka kwingine, nyumba zimebanana bati kwa bati, na usiku usio na mwezi waume wako majini, sina hakika kwamba ulikuwa upotevu.

Lakini nisimfanye malaika, angenicheka. Kosa lake kwetu lilikuwa moja na lilikuwa kubwa. Mkewe alipofariki, nyumba yao ya Karungu ilianguka, naye hakuijenga tena. Wazee walimwita mara tatu. Kila mara alikuja na samaki, akawachekesha, akaahidi, akarudi Remba. Sisi vijana tuliona haya mbele ya majirani, na mimi mwenyewe nalimwandikia barua ya ukali ambayo natamani nisingaliiandika. Hakuijibu. Aliniletea ngege wawili waliokaushwa, wamefungwa ndani ya karatasi ile ile ya barua yangu.

Basi mauti yakamkuta. Hakufa maji, kama tulivyokuwa tukiogopa miaka yote hiyo. Alikufa kitandani, kwa maradhi. Ninyi mwajua sheria yetu: mwanamume hurudishwa kwao, akalala usiku wa mwisho katika boma lake, akazikwa kando ya nyumba yake. Kwa jambo la mahali pa kuzikwa mtu, Kenya nzima ilisimama mahakamani mwaka 1987, katika kesi ya wakili S. M. Otieno, mpaka akazikwa Nyalgunga. Kwetu hapakuwa na kesi. Palikuwa na boma lenye majani, pasipo nyumba. Wazee wakaketi tangu asubuhi wakibishana, maiti ingali mjini, na hakuna aliyekuwa na fedha za kununua bati hata moja.

Hapo ndipo mashua yenu ilipotia nanga Sori. Nawaona baadhi yenu mlioshuka, nanyi mwakumbuka kwamba tuliwatazama pasipo kuelewa. Mlikuwa mmekivunja kibanda chake cha huku, mkakipakia chote: mabati, miti, mlango, hata misumari ndani ya kopo. Mzee mmoja wa kwetu akakataa, akasema nyumba ya mtu haijengwi kwa mabati ya kibanda yaliyotoboka. Mama yangu, dada yake marehemu, ambaye hakuwa amesema neno tangu msiba ulipoingia, akamjibu, "Hakuna nyumba nyingine aliyopata kulala kwa raha." Mjadala ukaisha. Kabla ya jua kuchwa nyumba ilikuwa imesimama.

Usiku ule jeneza lilipokuwa ndani na taa ikawashwa, tukaona juu ya bati la ukutani maneno aliyoyaandika kwa chaki siku nyingi zilizopita: KOPA LEO, ULIPE UKINIKUTA. Kimya kilikuwa kikubwa. Kisha mama yangu akacheka. Akacheka huku akilia, nasi sote tukamfuata, na mhubiri akageuka upande akajifuta macho. Nimesikia kwamba usiku huo huo ninyi mliobaki, kwa kuwa hapa hamna ng'ombe wa kuyafukuza mauti kama tufanyavyo bara, mliizunguka Remba kwa mashua mkipiga makasia ubavuni. Nimemwambia mama. Ameniagiza niwashukuru, nami nawashukuru.

Sasa daftari. Nalilikuta chini ya mto wake. Shauri la mama ni hili: aliyokopesha yasomwe tu, tucheke, yaishe, aliyokopa yalipwe. Basi nimeyasoma. Mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipowazuia samaki wa ziwa hili kwa shaka ya sumu, bei ya mbuta ilianguka, nami nalikuwa kidato cha tatu. Karo yangu haikukosa hata muhula mmoja. Alituambia kwamba omena wamepanda bei. Humu imeandikwa vingine. Imeandikwa "karo ya okewo" mara sita, na mbele ya kila moja fedha alizokopa kwa watu wa pwani hii. Tano zimefutwa kwa mstari. Ya sita haikufutwa. Kando yake amechora samaki, na jina la mama mmoja mchuuzi, ambaye namwona ameketi pale karibu na vichanja, naye anatikisa kichwa kwamba hataki.

Mama yangu, utapokea. Naanza na wewe. Kijana, sogeza taa hapa, maana mwandiko wa mjomba nao umelowa.