Maumivu ya Mbwa na Vidonge vya Binadamu

Mada iliyotolewa mbele ya wakazi katika kikao cha kata kuhusu huduma za mifugo



Mbwa wa nyumbani akigongwa na pikipiki, au akirudi alfajiri akichechemea baada ya kupigana, anayemtibu kwanza huwa ni mwenye nyumba. Dawa ni ile iliyosalia kabatini: parasetamoli ya mtoto aliyekuwa na homa, au diklofenaki ya bibi anayeumwa magoti. Kidonge hufichwa ndani ya tonge la ugali, mbwa humeza, na watu wakalala wakiamini wametenda wema. Huruma hiyo haina lawama. Kidonge hicho, hata hivyo, chaweza kumuua mbwa ambaye jeraha lake lingepona.

Hatari huanzia katika hesabu. Kidonge cha ibuprofeni cha miligramu 400 kimetengenezwa kwa ajili ya mtu mzima. Mtu wa kilo 70 akikimeza, kila kilo ya mwili wake hupata miligramu zisizofika 6. Mbwa wa kilo 8 akipewa kidonge hichohicho, kila kilo hupata miligramu 50, kiasi cha kutosha kumtia vidonda vya tumbo. Meloksikamu huwapoteza watu zaidi, kwa sababu madaktari wa mifugo nao huitumia kwa mbwa. Kipimo chake cha kila siku kwa mbwa ni takriban miligramu 0.1 kwa kilo moja ya uzito. Mbwa wa kilo 15 huhitaji miligramu 1.5, ilhali kidonge cha binadamu huwa na miligramu 7.5 au 15. Aliyempa kidonge kidogo kabisa amempa dawa ya siku tano kwa mara moja.

Wapo wanaodhani kwamba kukigawa kidonge kwa kisu kunamaliza tatizo. Hakumalizi, kwa kuwa mwili wa mnyama mmoja hauishughulikii dawa kama mwili wa mwingine. Huko India, Pakistan na Nepal, diklofenaki ilitumika kutibu ng'ombe bila kuwadhuru, lakini tumbusi waliokula mizoga ya ng'ombe hao walikufa kwa figo kuharibika, hata nchi hizo zikapiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006. Paka naye hana uwezo wa kutosha wa kuivunja parasetamoli. Kidonge kimoja cha miligramu 500 chatosha kumuua. Mbwa huistahimili zaidi kuliko paka, lakini ikizidi huliharibu ini lake na kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Ufizi hugeuka rangi ya kahawia, uso huvimba, na pumzi huwa za shida.

Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini. Kemikali hizohizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu kufika kwenye figo. Ndiyo sababu mbwa aliyetapika au aliyeshinda juani bila maji huumia upesi zaidi. Dalili zake ni kukataa chakula, kutapika, na kutoa kinyesi cheusi kinachonata kama lami, ambacho ni damu iliyopita tumboni. Mbwa akiwa amechomwa sindano ya deksamethasoni, kisha akaongezewa kidonge cha jamii hiyo nyumbani, vidonda hivyo huja kwa kasi. Hali kadhalika mbwa mwenye ugonjwa wa kupe: baadhi ya magonjwa hayo hupunguza chembe zinazogandisha damu, na aspirini huzidhoofisha zile zilizobaki.

Lipo jambo zito kuliko hayo yote, nalo linamhusu binadamu mwenyewe. Mbwa mwenye kichaa si lazima awe mkali. Mwingine hunyamaza, taya hulegea, mate hutiririka, sauti hubadilika, naye hushindwa kumeza. Mwenye nyumba hudhani mfupa umekwama kooni au jino linauma; humpanua mdomo na kusukuma kidonge kwa vidole. Virusi vya kichaa vimo ndani ya mate, na mchubuko mdogo wa kidole ni mlango tosha. Dalili zikishamtokea mtu, karibu kila mara hufa. Mbwa wa namna hiyo asiguswe wala asipewe dawa yoyote. Afungiwe mahali pake iwapo inawezekana bila kumshika, na Afisa Mifugo wa kata aarifiwe mara moja. Aliyekwisha kuingiza mkono, au aliyeng'atwa au kukwaruzwa, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende siku hiyohiyo kituo cha afya kuuliza chanjo. Asisubiri kuona mbwa atafanya nini.

Kwa mbwa aliyekwisha kumeza vidonge, saa za mwanzo ndizo zenye faida, kwa kuwa daktari wa mifugo anaweza kumtapisha kabla dawa haijaingia mwilini, na sumu ya parasetamoli ina dawa yake. Maziwa, ambayo hukimbiliwa katika nyumba nyingi, hayaui sumu hiyo. Maji ya chumvi ni mabaya zaidi, maana chumvi nyingi yenyewe humdhuru mbwa. Pakiti ya dawa ipelekwe pamoja naye, hata ikiwa tupu, na itajwe saa aliyomeza na idadi ya vidonge. Aliyempa asifiche kwa aibu. Akificha, daktari anaweza kumwongezea dawa ya jamii ileile.

Daktari atauliza pia uzito. Mbwa mtulivu aliyezoea kushikwa hupimwa kwa mzani wa kusimamia: mtu anasimama akiwa amembeba, kisha anasimama peke yake, na tofauti ya vipimo viwili ndiyo kilo za mbwa. Mbwa mwenye maumivu makali huweza kumng'ata hata mwenyewe, hivyo huyo asibebwe, daktari atamkadiria.