Mtunza Mgonjwa Naye ni Mfanya Kazi

Ndugu wafanya kazi wa Mbumbuni,

Sisi wa reli twajua: gari la moshi haliondoki stesheni kabla breki hazijakaguliwa. Lakini mzee wetu apoozapo nyumbani, twamwachia binti wa kazi asiyefundishwa lolote. Mchana apike, usiku akeshe. Je, hiyo ni haki?

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza sharti ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo atatoka vidonda. Mtunzaji anawe kwa sabuni kabla ya kumshika na baadaye. Kumwinua ni kazi ya watu wawili. Dawa na saa yake ziandikwe daftarini.

Mwaka 2023 Serikali iliwagawia wahudumu wa afya wa vijijini vipimo vya presha na sukari. Tuwaite waje.

Tena Sheria ya Ajira ya 2007 yampa mfanya kazi siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Twaidai kazini, mbona twawanyima walio jikoni mwetu? Mchovu hukosea, relini na kitandani pa mgonjwa vilevile. Tuanze kwetu.

Umoja ni nguvu.